Mkono Uliojaza Risasi

Wasifu wa Lazaro Chengula ulisomwa na mpwa wake, kijana mwenye koti pana kuliko mabega, nami nilikuwa nimeketi benchi la pili, maana vikongwe siku hizi tunasogezwa mbele hata tusipotaka. Alisoma vizuri, hilo siwezi kumnyima. Alisema marehemu alizaliwa, akabatizwa, akajifunza kwa baba yake ufundi wa bunduki, na kwamba miaka ile ya sabini, risasi zilipokuwa hazipatikani, marehemu alikaa kwenye mashine akayajaza upya maganda matupu kwa mikono yake mwenyewe, akaokoa mashamba ya watu kuanzia Kilolo hadi Usangu. "Wala hakuna risasi ya mjomba iliyowahi kumwangusha mtu," alisema, na kanisa zima likaguna kwa kukubali. Nami niliguna, kwa kuwa kanisani mtu huguna pamoja na wenzake hata kama kifuani anaungua. Nilikuwa nimetoka Mbeya alfajiri kwa basi kuja kumzika mtu niliyemchukia kwa muda mrefu kuliko nilivyoishi na mume wangu. Wajukuu waliponiuliza ninakwenda kwa nani, niliwaambia amefariki mtoto wa mwenye nyumba wangu wa zamani. Huo ulikuwa ukweli, lakini ukweli mfupi. Ule mrefu nauandika hapa, kabla wasifu wangu nami haujasomwa na kijana mwenye koti pana.

Mwaka ninaousema ni ule uliofuata baada ya watu kuhamishiwa vijijini. Nyumba zilikuwa mpya, mashamba mapya, na mengi yalipakana na msitu, hivyo nguruwe pori na nyani nao walihamia kijijini bila kuitwa kwenye mkutano. Kila kijiji kilitaka mtu mwenye bunduki. Wenye bunduki walikuwepo, ila risasi hazikuwepo. Ukiuliza Iringa unaambiwa subiri, Dar es Salaam wanasema subiri, na nguruwe hasubiri. Mimi nilikuwa binti wa miaka ishirini, nimetoka Mbeya kuja kujifunza ushonaji kwenye darasa la akina mama la misheni, nikapata chumba cha uani Mlandege, mjini Iringa, nyumbani kwa Fundi Chengula. Mbele palikuwa na duka lake: kaunta, bunduki za watu zimefungwa mnyororo ukutani, na kibali chake cha polisi kimetiwa ndani ya fremu ya kioo kama picha ya arusi. Nyuma ya kaunta lilining'inia pazia la kaki, na nyuma ya pazia kilikuwa chumba cha kazi, chenye benchi la mninga na mashine iliyokazwa juu yake kwa bolti. Ilikuwa chuma kizito cha rangi ya kijani, chenye mpini mrefu wa kuvuta chini kama wa pampu ya kisima. Aliiacha Mgiriki mmoja mkulima wa tumbaku, ambaye mzee alimtengenezea bunduki miaka mingi. Alipoondoka nchini alimchukua mbwa wake na kuiacha mashine, kwa sababu, alivyosema mzee, mbwa alikuwa mwepesi zaidi.

Pamoja na mashine palikuwa na kisanduku cha mbao, na ndani yake vyuma vya duara vilivyoviringishwa kwenye vitambaa vya flana, kila kimoja kwa aina yake ya risasi. Mzee aliviita dai. Siku yangu ya kwanza nilimsikia akimwagiza Lazaro, "Niletee madai yangu, na yafutwe vizuri," nikadhani mwenye nyumba wangu ana kesi mahakamani, nikamwonea huruma hadi jioni. Kumbe dai ndiyo roho ya kazi yote. Ganda la risasi likishafyatuliwa huvimba kwa moto, halirudi tena ndani ya bunduki. Unalipaka mafuta kidogo, unalisimamisha chini ya dai, unavuta mpini, nalo linaminywa mpaka linarudia umbo lake, huku fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, ikiwa imekwisha kufa, inasukumwa nje. Halafu inatiwa fataki mpya, baruti iliyopimwa kwenye mizani, na mwisho kichwa, kile kinachoruka. Hayo ndiyo yote, ukiyasema kwa mdomo. Kwa mkono ni habari nyingine, kwa sababu ganda lenye ufa mwembamba kama unywele linaweza kumtoa mtu jicho, na macho ya Mzee Chengula yalikuwa yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho.

Hivyo ndivyo nilivyoingia. Siku moja alinikuta uani natunga uzi kwenye sindano, akaniambia, "Wewe unayetunga bila kulamba uzi, hebu njoo unitazamie." Nikamtazamia. Kesho yake nikamtazamia tena, na baada ya wiki chache nilikuwa navuta mpini. Mguu wa mshonaji unajua kitambaa kimejikunja chini ya cherehani kabla jicho halijaona, na mkono wangu ulizoea mpini kwa namna hiyohiyo: ganda zima lina ukinzani wake, lililochoka lina wake, na lenye ufa linalegea ghafla kidogo. Mzee alikuwa mkali kwa jambo moja kuliko yote. Maganda yakishatiwa baruti husimamishwa kwenye ubao wenye matundu, na kabla ya kutia kichwa hata kimoja ni lazima uchukue tochi uchungulie kila mdomo, uone baruti imefika mahali pake. "Chungulia," alisema. "Hata kama umejaza sasa hivi, hata kama Malaika Gabrieli ndiye aliyekujazia, chungulia." Juni ya Iringa tulifanya kazi tumejifunika blanketi, meno yanagongana, kwa kuwa jiko la mkaa halikuruhusiwa kukaribia mlango ule. Mkewe, Mama Lazaro, alitusogezea chakula kizingitini kama wafungwa: ugali, majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, na maharage yaliyokwisha kupoa. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile kilichopoa.

Sasa lile pazia. Wawindaji wa kule, Wahehe kwa Wabena, walikuwa na mwiko ambao hakuna aliyeniambia uliandikwa wapi, ila wote waliujua: mwanamke haruki bunduki iliyolazwa chini, hagusi risasi, na usiku wa kuamkia mawindo mwenye bunduki halali na mkewe. Akigusa, bunduki inalala. Hawasemi imeharibika, wanasema imelala. Mzee Chengula aliujua mwiko huo na hakuuamini, lakini aliwaamini wateja wake, kwa hiyo pazia lilishushwa na mimi nikaambiwa nisikohoe. Nilikaa nyuma yake mwaka mzima nikisikiliza wanaume wakizisifu risasi zangu. Aliyezisifu kuliko wote alikuwa Mzee Luhanga, mwindaji kutoka kijiji kimoja upande wa Kilolo, mtu mrefu mwenye sauti ya kwaya. Akija hakosi kusalimu mtaa mzima kwa Kihehe, "Kamwene, mnogage," ndipo aingie, akae juu ya kreti, aanze kusimulia nguruwe mmoja baada ya mwingine. "Chengula," alisema mara moja, nami nimeushika mpini, "siku hizi unajaza vizuri kuliko ulipokuwa na macho. Risasi zako hizi hazilali kabisa. Nikiinua tu bunduki, zimeshaamka." Mzee akajibu kwamba uzee ni dawa. Nilifurahi hadi nikaona aibu, na nilikasirika pia, vyote pamoja, na sikujua nifanye nini na hasira ya namna ile, kwa hiyo nilijaza risasi.

Mama Lazaro ndiye aliyeiita mashine kinu. "Kinu cha mzee kimelia tangu asubuhi," alikuwa akisema, na mara moja nilimuuliza, kwa mzaha, kama ni kinu, mbona mwanamke anafichwa asitwange? Alicheka mpaka akashika mlango. Nilimpenda mama yule. Alinipa blanketi lake zito, alinifundisha kunywa ulanzi, pombe ya mianzi, ukiwa bado mtamu, haujaanza kuchachuka, na alinitania kwamba Wanyakyusa tunaongea kama tumeitwa kutoka ng'ambo ya mto. Lazaro naye alikuwa rika langu, mtu wa mbinja na maneno mengi, mzuri wa sura, na nisiposema kwamba kwa miezi michache nilimtazama kwa jicho laini nitakuwa mwongo kama mpwa wake. Tatizo lake ni kwamba hakuweza kunyamaza. Akitia baruti anasimulia mpira, akifika katikati amesahau ni ganda lipi limeshapata na lipi bado. Baba yake alimwondoa kwenye mashine, akamweka kaunta, na hapo alikuwa hodari kweli. Ila hakuna mwana anayependa kuondolewa kwenye kiti cha baba yake kwa ajili ya mpangaji, tena mpangaji aliyevaa gauni.

Maneno yaliyoyageuza maisha yangu Mzee Chengula aliyasema akiwa anafuta dai kwa kitambaa, bila kunitazama. Alisema mvua zikiisha atanipeleka polisi, waandike jina langu kwenye kibali chini ya lake. Lazaro atakaa mbele auze, mimi nitakuwa fundi, na yeye akifumba macho, mashine itabaki mikononi mwangu. Nilitoka nikaenda kusimama dukani mbele ya ile fremu ya kioo, nikapima kwa jicho mahali jina lingekaa. Palikuwa na nafasi. Tangu siku hiyo sikutaka kitu kingine chochote duniani. Darasa la ushonaji niliacha kuhudhuria, mwalimu akanifuta, sikujali. Leo wasichana wana vyeti vya kila aina, wanavitundika hata chooni, na huenda hawawezi kuelewa ni njaa gani ile, ya kutaka jina lako liandikwe mahali mteja anapoweza kulisoma. Mimi naielewa bado. Haikuniisha.

Kisha akaja Masanja, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe zake bonde la Usangu, ambako fisi walikuwa wakimla ndama mmoja baada ya mwingine. Alipitia uani kuomba maji, mlango wa nyuma ukiwa wazi kwa ajili ya mwanga, akanikuta kwenye mashine. Mzee alisimama, uso umemshuka. Masanja alinitazama, akatazama ubao wa maganda, akauliza, "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "ni wewe unayezijaza?" Mikono yangu ilikuwa na mafuta hadi kwenye viwiko. Akasema kwao fisi haulizi nani kajaza, akachukua risasi zake kutoka mkononi mwangu, akanishukuru kwa mikono miwili. Ni mteja pekee aliyewahi kunishukuru. Alipoondoka mzee alicheka kwa kufarijika, na Mama Lazaro, ambaye hakuwa na ubaya, alimtania mwanawe kwamba mgeni amemwamkia fundi, muuza duka akapitwa kama nguzo ya simu. Tulicheka wote isipokuwa Lazaro. Nimeurudia mzaha ule kichwani miaka yote hii, na bado siwezi kumlaumu mama kwa kuutamka.

Lazaro alimwambia Mzee Luhanga kilabuni, kwenye ulanzi, msimu huo wa mvua. Sikuwepo. Nilikuja kuyajua yaliyosemwa kutokana na yaliyofuata, kwa kuwa siku ya gulio, duka likiwa limejaa watu wa vijijini, Luhanga aliingia bila kusalimu mtu. Alibeba bakuli la bati lililofunikwa kitambaa, akaliweka juu ya kaunta, akalifunua. Zilikuwa risasi zangu za mwezi ule, hata moja haijatumika, na ilionekana hakuzigusa kwa mkono, alizimimina tu. Nilikuwa nyuma ya pazia, nimekaa mbele ya mashine. Luhanga akasema kwa sauti yake ya kwaya, taratibu, "Chengula, nakuuliza mbele ya hawa. Hizi kazijaza nani?"

Mzee akasema, "Mimi."

"Na yule binti wa Kinyakyusa anayelala kwako, anafanya kazi gani humo?"

Hapo nilikuwa bado na tumaini. Nilifikiri atasema. Nilifikiri mtu aliyeniambia jina langu litaandikwa hawezi kushindwa kulitamka. "Anafagia," alisema Mzee Chengula. "Anaokota maganda, anafagia."

Luhanga hakuridhika, lakini alikuwa mtu wa heshima, hakumwita mwenzake mwongo mbele ya gulio. Alitaka jambo moja tu: risasi mpya, zijazwe na Lazaro, yeye akiwa amesimama hapohapo anatazama. Pazia likafunguliwa kwa mara ya kwanza. Watu wakaniona nimekaa kwenye kiti, mafuta mikononi, nikainuka, na Lazaro akakaa mahali pangu bila kunitazama usoni. Nikaambiwa nitoke nje, niende uani. Nilisimama chini ya dirisha nikasikiliza mpini. Ulikwenda mbio. Alikuwa na watazamaji, na Lazaro mwenye watazamaji hawezi kunyamaza; alisimulia, alichekesha, aliwaonyesha mizani, na niliisikia sauti ya vichwa vikitiwa kimoja baada ya kingine bila ile nafasi ya kimya mtu anapoinama na tochi. Nilimwambia Mama Lazaro kwamba hachungulii. Akanishika bega, akaniambia nimwache, leo ni siku yake. Sikumwacha. Nilizunguka hadi mlangoni, mbele ya wanaume wote wale, nikasema, "Mzee, hajachungulia."

Mzee Chengula alinisikia. Najua alinisikia, maana kichwa chake kiligeuka upande wa ubao. Luhanga alikuwa akinitazama, wote walikuwa wakinitazama, na mwanawe alikuwa ameshika mpini. "Nenda kafagie," akasema.

Nguruwe dume aliingia shambani mwa mjane mmoja wa kijijini kwao, na Luhanga aliitwa asubuhi kweupe. Walioshuhudia walisema risasi ya kwanza ilitoa mlio mdogo, kama mtu anayesafisha koo, na nguruwe hakutikisika. Luhanga akadhani amekosa, na mtu kama yule hakuzoea kukosa, akapakia ya pili haraka. Ile ya kwanza haikuwa na baruti. Fataki peke yake ilikisukuma kichwa nusu ya njia kikakwama ndani ya mtutu, na ya pili ikakikuta pale. Bunduki ilipasuka usoni mwake. Walimbeba kwa machela hadi barabarani, na alifia hospitali bila kusema neno. Aliacha mke mjamzito. Polisi waliandika kwamba bunduki ilikuwa ya zamani, na ilikuwa ya zamani kweli, nani angebisha?

Bunduki ililetwa kwa mzee ndani ya gunia, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa fundi wake. Mtutu ulikuwa umefunguka kama ganda la ndizi. Pamoja nao ulikuja mkoba wa marehemu, wenye risasi zilizobaki. Mzee alimtuma Lazaro sokoni, akafunga mlango wa duka, akaniita. Alizitikisa moja moja karibu na sikio. Nyingine aling'oa kichwa, akaigeuza juu ya kiganja, na hapakudondoka hata chembe. Nilimwona akizidi kuwa mzee pale nilipokuwa namtazama. "Umeona," nilisema. "Nimeona," alisema. Akazikusanya zote, akazifunga kwenye kimoja cha vile vitambaa vya flana, na sikuziona tena.

Jamaa za Luhanga walikuja kabla ya arobaini. Walikaa uani, wakapewa viti vyote tulivyokuwa navyo, na Mama Lazaro akawapikia, maana mgeni ni mgeni hata akija kukuangamiza. Mimi nilikuwa chumbani mwangu, mlango umerudishwa, nasikia kila kitu. Hawakupiga kelele. Walisema jambo linajulikana: binti yule alitokea mlangoni siku risasi zikijazwa, akatamka neno juu yake, na kabla ya hapo alikuwa amekikalia kiti hicho, ameshika mpini huohuo, na madai hayohayo. Bunduki ya ndugu yao ililazwa na mwanamke, nayo ikaamka vibaya. Walitaka aondoke Iringa. Zile risasi za kwenye bakuli, zangu, nzima, zilizochunguliwa zote, mzee alikuwa amewarudishia pamoja na bakuli lao, nao walisema wameshazitupa mto Ruaha Mdogo zisije zikaua mwingine. Nilisubiri sauti ya Mzee Chengula. Alipaswa kusema sentensi moja tu. Niliisikia sauti yake ikisema amesikia, na kwamba itafanyika kama walivyotaka.

Alikuja chumbani kwangu walipokwisha kula na kuondoka. Alisimama kizingitini, hakuingia, akaongea kwa upole, na upole wake ndio sijausamehe. "Tusa, Lazaro ni mwanangu. Jina langu liko kwake. Nikisema kweli, atafungwa, na mimi nitafungiwa kibali. Wewe utaolewa, utabeba jina la mtu mwingine, na watu watasahau."

"Mimi sitasahau, Mzee."

"Najua," alisema.

Mama Lazaro alinifungia viazi vya kuchemsha na chumvi ndani ya karatasi, akalia begani mwangu stendi nzima ikitazama, lakini hata yeye hakusema. Basi lilipanda Mafinga kwenye misitu ya misonobari, magari ya mbao yakatupita, na sikulia. Nilikuwa na hasira mno. Huko Mbeya nilinunuliwa cherehani, nikaolewa kama alivyotabiri, nikabeba jina la mtu mwingine. Nimeshona sare za shule, suti za arusi, na shela za wasichana ambao sasa ni mabibi. Mume wangu alikuwa mtu mwema, na hakuwahi kujua kwamba mkewe anaweza kusikia ufa kwenye shaba kwa kiganja. Ningemwambia nini? Watu huniambia uchungu ukikaa muda mrefu hugeuka hekima. Wangu haukugeuka kitu. Huenda baadaye Lazaro alijifunza kuchungulia. Huenda kweli hakuna risasi yake nyingine iliyomwangusha mtu, na mpwa amesema nusu ya ukweli. Somo lake lililipiwa na Luhanga, na jina langu likatumika kulifutia benchi.

Baada ya maziko tulirudi nyumbani kwa marehemu. Duka limekuwa la simu na chaja, uani wametandika turubai, na baridi ilikuwa imeanza kushuka kama inavyoshuka Iringa jua likiegemea. Mwanamke mmoja wa makamo, mwenye vitenge viwili na uso mrefu, alikuja na mjukuu wake, akanikalishia mtoto mapajani bila kuuliza, kama tunavyofanya kwa bibi yeyote, ili apate kutugawia chai. Mtoto alikuwa mzito na mwenye joto, akakishika kitambaa changu cha kichwa akaanza kukitafuna. Yule mama alinipa kikombe, akaketi, akaniambia Lazaro alikuwa kama baba kwao. Kila mavuno alileta gunia la mahindi, aliwapeleka shule yeye na kaka zake, wala hakuna aliyejua kwa nini, ni moyo wake tu. Baba yake mwenyewe hakumwona. Aliuawa na bunduki yeye akiwa tumboni. Ndipo nilipojua nimeketi na nani.

Akanisimulia, kama mtu anavyomsimulia mgeni habari ya ukoo wake. Palikuwa na mwanamke, alisema, Mnyakyusa, jina lake halijulikani, aliyezigusa risasi za baba akazitamkia. Tangu hapo nyumbani kwao mwanamke hagusi chombo cha mwanaume: si bunduki, si panga, siku hizi hata ufunguo wa pikipiki. Binti yake wa mwisho amefaulu, ana akili ya vyuma, alitaka kwenda chuo cha ufundi kusomea umekanika. Wamemkatalia. Amelia mpaka amevimba macho, lakini wamemkatalia, kwa sababu ya babu yake.

Nilikiweka kikombe chini. Sikupaza sauti, palikuwa ni msibani. "Jina lake ni Tusajigwe," nilisema. "Ni mimi. Risasi ambazo baba yako alizisifu mwaka mzima nilizijaza mimi, hata moja haikulala. Zilizomuua zilijazwa na huyu tuliyemzika leo, na nilikuwa mlangoni nikisema hajachungulia. Mwache binti yako akasome."

Alinitazama. Alikuwa na macho ya baba yake, yaliyotulia. Nikaona kwamba ameniamini, baada ya miaka yote ile, kisha nikaona ameamini neno gani. Alikuwa ameamini kwamba ni mimi. Mengine hayakuingia. Alisimama, akainama kwa adabu kama mtu anayemwinamia mkubwa wake, akasema, "Samahani, bibi," na akamwinua mjukuu wake kutoka mapajani mwangu, polepole, akiangalia mikono yangu isimguse. Mtoto aligeuka akaninyooshea mikono, akaanza kulia. "Twende," alimwambia, "huku kuna baridi."